Barthes na Blanchot: Mkono Unaoandika ni wa Nani?

Walimu wangu, wanafunzi wa fasihi, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja hapa jioni hii, nawashukuru.

Niliombwa nizungumzie nadharia za fasihi kutoka Ufaransa. Uwanja huo ni mpana mno, kwa hiyo nimechagua waandishi na wahakiki wawili tu wa huko: Roland Barthes na Maurice Blanchot. Barthes mnamfahamu. Tasnifu zetu nyingi za uhakiki humtaja, na karibu kila mara kwa sentensi ileile, kwamba mwandishi amekufa. Kisha tunaorodhesha mihimili ya nadharia, tunaibandika kwenye riwaya tuliyoichagua, na sura ya pili inahesabiwa imekamilika. Blanchot hana hata bahati hiyo. Mara nyingi hatajwi, na akitajwa huwekwa kwenye tanbihi kama mtu aliyesema jambo lilelile kabla ya Barthes.

Hilo la "jambo lilelile" ndilo nililokuja kulipinga. Kwamba walikuwa ndugu wa fikra, sina shaka, na Barthes mwenyewe hakuwahi kuficha deni lake. Lakini wote wawili wanapofika pale ambapo mwandishi anaondoka na kuiacha kazi yake, mmoja anaona pamebaki usiku mtupu usio na mtu, mwingine anaona pamebaki mwili: wa msomaji, wa mpenzi, hata wa yule aliyeshika kalamu. Tofauti hiyo si ndogo. Ukiisahau, umewasoma wote wawili vibaya.

Nianze na maisha yao, kwa ufupi. Blanchot alizaliwa tarehe 22 Septemba 1907 huko Quain, katika mkoa wa Saône-et-Loire. Alisoma Strasbourg, na hapo akafanya urafiki wa maisha na mwanafalsafa Emmanuel Levinas. Barthes alizaliwa tarehe 12 Novemba 1915 mjini Cherbourg. Baba yake, ofisa wa jeshi la majini, aliuawa vitani mwaka uliofuata, na mama yake, Henriette, akamlea mtoto huyo Bayonne na baadaye Paris. Mwaka 1934 Barthes alipatwa na kifua kikuu. Wenzake walipokuwa wakifanya mitihani mikubwa ya kuingia kwenye ualimu, na baadaye walipokuwa vitani, yeye alikuwa kitandani akihesabiwa joto la mwili na kusoma. Hakupata udaktari wa falsafa maishani mwake, na bado alimaliza kazi akiwa profesa wa Collège de France, taasisi ya elimu ya juu yenye heshima kubwa huko Paris.

Kuhusu Blanchot kuna jambo lisilopendeza, na sitaliruka. Miaka ya 1930 alikuwa mwandishi wa habari wa mrengo mkali wa kulia. Julai 1936, katika jarida lililoitwa Combat, alichapisha makala iliyoutaja ugaidi kuwa njia ya kuliokoa taifa. Wakati wa vita alibadilika, na familia ya rafiki yake Levinas, waliokuwa Wayahudi, ilipata msaada wake ilipokuwa inasakwa. Tunapomsoma tubebe yote mawili, kwa sababu yule Blanchot wa baadaye, anayeogopa kila sauti inayosema "mimi" na "sisi" kwa uhakika, amepita mahali. Na Barthes? Makala zake za kwanza za maana zilitoka mwaka 1947 katika gazeti lililoitwa pia Combat. Hilo lilikuwa gazeti jingine kabisa, lililozaliwa katika harakati za siri dhidi ya Wanazi. Jina moja, milango miwili.

Makala hizo ndizo zilizozaa kitabu chake cha kwanza, Le Degré zéro de l'écriture, yaani kiwango sifuri cha uandishi, mwaka 1953. Barthes anauliza mwandishi wa zama zake afanye nini na lugha aliyoikuta imeshachakaa, kila neno likiwa na mhuri wa tabaka fulani na desturi fulani ya "uandishi mzuri". Njia moja anayoiona ni uandishi mweupe, usio na mapambo, usiopandisha sauti, kama ule wa Albert Camus katika L'Étranger. Katika kurasa hizohizo anamtaja mshairi Mallarmé kuwa muuaji wa lugha, na papo hapo anakiri kwamba fikra hiyo ina deni kubwa kwa Maurice Blanchot. Barthes bado hana jina, lakini anajua anasimama juu ya mabega ya nani.

Blanchot akajibu mwaka huohuo. Alikiita kitabu hicho kimojawapo cha vitabu vichache ambamo mustakabali wa fasihi umeandikwa. Tena sifa hizo zilitoka kwa mtu aliyejitenga na kumbi zote za waandishi. Ila soma makala yake kwa makini, imo katika Le Livre à venir ya 1959, uone anavyolichukua lile wazo la sifuri na kulipeleka kusikokuwa kwa mwenyewe. Kwa Barthes, sifuri ni hatua ya kihistoria: jamii imegawanyika, lugha imegawanyika, mwandishi anatafuta pa kusimama. Kwa Blanchot, sifuri si ya karne hii wala ile. Ndiko fasihi yote inakoelekea tangu mwanzo, mahali ambapo hakuna anayesema na bado maneno yanaendelea. Mmoja anauliza swali la jamii, mwenzake anauliza swali la kuwapo na kutokuwapo. Wamekubaliana juu ya neno, hawajakubaliana juu ya kitu. Hali hiyo iliendelea kwa miaka ishirini na saba.

Sasa niwaombe mtazame mkono.

Mwanzoni mwa L'Espace littéraire, kitabu cha 1955, Blanchot anatueleza mtu aliyeshika penseli. Mtu huyo anataka kuiachia, lakini mkono unakataa. Badala ya kufunguka unazidi kukaza. Inabidi mkono wa pili uje kuingilia kati na kuinyang'anya ile penseli, lakini utaona mkono wa kwanza bado unanyooka polepole, unakifuata kile kilichoondolewa. Blanchot anasema mkono unaoandika ni mkono mgonjwa. Nguvu za mwandishi haziko katika mkono unaoandika, ziko katika ule mwingine usioandika, unaoweza kusema basi, imetosha. Mkono wa kuandika si wake tena, umeshachukuliwa na kitu kisichokuwa na mwenyewe. Ndiyo maana Blanchot anasisitiza kwamba mwandishi hawezi kuisoma kazi yake mwenyewe. Kazi ikishakuwa kazi inamfukuza. Alichobaki nacho ni kitabu tu, rundo la maneno.

Mtazame sasa Barthes. Mwaka 1973 alihojiwa na gazeti la Le Monde kuhusu namna anavyofanya kazi, akakiri kwamba uhusiano wake na vifaa vya kuandikia unakaribia kuwa wazimu. Ananunua kalamu nyingi mno. Anajaribu kila aina mpya inayotoka, kisha anarudi kwenye kalamu ya wino yenye ncha laini, kwa kuwa ndiyo inayompa ule mwandiko mwororo anaoutaka. Anazikwepa kalamu za bei rahisi za kutupwa, anaona zina mtindo wake, mtindo wa kutapika maandishi kwa haraka. Hapa mkono si mgonjwa. Mkono una hamu, una uchaguzi, una raha yake. Wote wawili wameuondoa utawala wa mwandishi, lakini kwa Barthes mwili wa mwandishi hauendi kokote. Umekaa mezani na unachovya wino.

Mtasema ni mambo ya pembeni hayo. Basi tuwaweke kwenye hadithi moja waliyoitumia wote, ile ya Orpheus wa Wayunani wa kale. Orpheus anashuka kuzimu kumfuata mkewe Eurydice. Anaruhusiwa kumrudisha duniani kwa sharti moja, asigeuke nyuma kumtazama mpaka watoke. Anageuka. Anampoteza.

Blanchot, katika dibaji fupi ya L'Espace littéraire, anasema kitabu hicho kina kitovu, na kitovu hicho ni kurasa alizoziita "Macho ya Orpheus". Anasema Orpheus hakukosea kugeuka. Hakushuka kuzimu ili ampate Eurydice wa mchana, mke wa nyumbani. Alitaka kumwona katika giza lake, akiwa amefichika, akiwa mbali. Kwa hiyo kugeuka kule, kunakoharibu kazi yote, ndiko kunakoifanya iwe kazi ya sanaa. Mwandishi wa kweli, kwa Blanchot, ni yule anayekubali kupoteza kila kitu kwa ajili ya mtazamo mmoja usioruhusiwa.

Barthes anaisimulia hadithi hiyohiyo mwaka 1963, katika mahojiano aliyoyaingiza mwaka uliofuata katika Essais critiques. Fasihi, anasema, ni Orpheus akipanda kutoka kuzimu. Maadamu anakwenda mbele, akijua anamwongoza mtu nyuma yake, yule aliye nyuma, yaani ulimwengu halisi, anapumua, anatembea, anaielekea nuru ya maana. Akigeuka tu, mikononi mwake inabaki maana iliyokwisha kutajwa, na maana iliyotajwa ni maana iliyokufa.

Mnaona walivyoachana? Blanchot anampongeza Orpheus kwa kugeuka, Barthes anamwomba asigeuke. Blanchot anakipenda kile kinachopotea, Barthes anataka kiendelee kutembea, hata kama hatakiona kamwe. Nimezisoma kurasa hizo mbili kwa pamoja mara nyingi, na kila mara naona kwamba hapa hatuna mwalimu na mwanafunzi. Tuna watu wawili waliorithi nyumba moja, mmoja akachagua chumba cha chini, mwingine dirisha.

Turudi kwenye lile jambo maarufu. Insha ya Barthes kuhusu kifo cha mwandishi ilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1967, katika jarida la Kimarekani la Aspen, na kwa Kifaransa mwaka 1968. Inaanza na sentensi kutoka Sarrasine, hadithi ya Balzac, mwandishi wa Kifaransa wa karne ya kumi na tisa. Mchongaji sanamu amempenda mwimbaji anayedhani ni mwanamke, kumbe ni mwanamume aliyehasiwa. Sentensi inaeleza uanamke wake, hofu zake za ghafla na ujasiri wake usio na sababu. Barthes anauliza ni nani anayesema hapo. Ni mhusika aliyedanganyika? Ni Balzac mtu binafsi? Ni hekima ya watu wote? Haiwezekani kujua, anajibu, kwa sababu uandishi ni mahali ambapo kila sauti inapoteza asili yake.

Mpaka hapo Blanchot angetia saini. Yeye alishaandika kwamba kuandika ni kutoka kwenye "mimi" na kuingia kwenye "yeye" asiye mtu, na alimtolea mfano mwandishi Franz Kafka. Lakini insha ya Barthes haiishii hapo, na hili ndilo tunalolisahau tunapoinukuu. Inaishia kwa kuzaliwa. Kifo cha mwandishi ni bei inayolipwa ili msomaji azaliwe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, akachapisha S/Z, ambamo Sarrasine hiyohiyo imekatwakatwa vipande 561, na kila kipande kinasomwa taratibu, kwa misimbo mitano, yaani njia tano za kuzalisha maana. Huyo ni msomaji mwenye saa nyingi, mwenye karamu mbele yake. Mwaka 1973 akaandika Le Plaisir du texte, yaani raha ya matini, na kutamka wazi kwamba matini inaonja, inagusa, inasisimua. Hakuna ukurasa hata mmoja wa Blanchot ninaoujua wenye furaha ya namna hiyo. Kwake msomaji naye ni mgeni wa usiku. Anaikubali kazi iwepo, basi, hapewi kiti.

Barthes alilijua hilo. Aliwahi kusema Blanchot halinganishiki, haigiki, na hatumiki. Zingatieni neno la mwisho, ninyi mnaoandika sura ya pili. Hatumiki. Huwezi kumchukua Blanchot ukatoa mihimili minne na kwenda nayo kwenye riwaya.

Kuna siasa pia, na sisi tuliozaliwa katika nchi zilizotawaliwa hatuwezi kuipita hivihivi. Katika Mythologies ya 1957 Barthes anasimulia kwamba akiwa kwa kinyozi alipewa gazeti la Paris-Match. Jaladani kuna kijana mweusi katika sare ya kijeshi ya Kifaransa, anapiga saluti, macho yameinuliwa juu. Barthes anaichambua picha hiyo mpaka ndani: inavyotumia mwili wa kijana Mwafrika kuthibitisha kwamba himaya ya Ufaransa ni ya haki na haina ubaguzi. Kwangu huo ni mmoja wa uchambuzi wenye nguvu kabisa ulioandikwa kuhusu ukoloni na picha. Lakini Septemba 1960, vita vya Algeria vikiwa vimepamba moto, lilipotoka Tamko la watu 121 lililotetea haki ya Wafaransa kukataa kuchukua silaha dhidi ya Waalgeria, jina la Barthes halimo. Aliweka saini yake kwenye wito mwingine, mpole zaidi, uliotaka amani kwa mazungumzo. Aliyekuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa lile tamko la hatari ni Blanchot, mtu wa usiku na ukimya, na alihojiwa na hakimu kwa ajili yake.

Sitaki kumhukumu Barthes haraka. Aliogopa sauti ya pamoja, aliogopa maneno yanayopigwa kama muhuri, na katika vuguvugu la wanafunzi na wafanyakazi la mwaka 1968 pia alikaa pembeni wakati Blanchot alikuwa kwenye kamati ya wanafunzi na waandishi akitunga matamko yasiyo na majina. Lakini nasema wazi kwamba mwaka 1960 aliyekuwa sahihi ni Blanchot. Yule aliyefuta jina lake katika vitabu alijua siku ya kuliandika chini ya karatasi.

Nifike kwenye kozi ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo yote. Kuanzia Februari hadi Juni 1978, Barthes alifundisha Collège de France somo aliloliita Le Neutre, yaani hali ya kutoegemea. Neno hilo alilipokea kutoka kwa Blanchot, aliyelifanyia kazi kwa miaka na hasa katika L'Entretien infini ya 1969, na humo darasani Blanchot ananukuliwa tena na tena. Kuhusu uchovu, Barthes anasoma maneno ya Blanchot kwamba uchovu ni msiba mnyenyekevu kuliko yote, usioegemea kuliko vyote visivyoegemea. Lakini maana wanayoipa hali hiyo ni tofauti. Kwa Blanchot, kutoegemea ni kile kisichoweza kujulikana, kisicho mtu wala kitu, kinachosema pasipo msemaji. Kwa Barthes, ni kila kinachokwepa kulazimishwa kuchagua kati ya hili na lile. Ni adabu ya kuishi. Mifano yake ni upole, usingizi, ukimya, namna ya kujibu swali bila kumpiga mtu kwa jibu.

Na kuna kisa alichowasimulia wanafunzi wake mwezi Machi mwaka huo. Alikwenda kununua wino wa rangi wa Sennelier, watengenezaji wa rangi za wachoraji, akivutwa na majina ya rangi, akarudi na chupa kumi na sita. Alipokuwa anazipanga, akaiangusha moja, na kila alipofuta akazidi kuchafua. Chupa iliyomwagika ilikuwa na jina lake limeandikwa juu: Neutre. Alikuwa ameifungua kwanza kabla ya zote, ili aone rangi ya kitu alichokuwa anakifundisha. Akakuta ni kijivu cheusi kilichofifia, kinachotia madoa kama rangi nyingine yoyote, na tena kinauzwa dukani. Akawaambia ameadhibiwa na pia amevunjika moyo, kwani kile kisichopangika kumbe kimepangwa rafuni. Blanchot asingeweza kusimulia hivyo. Kutoegemea kwake hakuna chupa, na hakuwezi kuchafua vidole vya mtu.

Barthes alifundisha kozi hiyo akiwa na msiba. Mama yake alifariki tarehe 25 Oktoba 1977. Mwaka 1979, kati ya Aprili na Juni, aliandika La Chambre claire, kitabu kuhusu picha ambacho ni kitabu cha kumlilia mama. Humo anainukuu tena kauli ya Blanchot kuhusu taswira, kwamba asili yake ni kuwa nje tupu, bila undani, na bado haifikiki kuliko wazo la ndani kabisa. Kwa Blanchot, taswira inafanana na maiti: inajifanana yenyewe tu, haimwelekezi mtu yeyote. Barthes anayachukua maneno hayo, kisha anakwenda nayo kwa msichana mmoja wa miaka mitano, mwaka 1898, amesimama kwenye bustani ya vioo huko Chennevières. Msichana huyo ndiye mama yake. Si taswira kwa jumla, ni yeye. Picha hiyo hakuichapisha, kwa sababu, anasema, kwetu sisi ingekuwa picha tu kama nyingine. Hapo, naamini, Barthes amekwenda na Blanchot mpaka mwisho wa njia na amekataa kuvuka. Nami nakataa pamoja naye.

Tarehe 25 Februari 1980 Barthes aligongwa na gari la dobi katika barabara ya rue des Écoles, karibu na Collège de France, akafariki tarehe 26 Machi. Mwaka huohuo Blanchot alichapisha L'Écriture du désastre. Aliendelea kuishi, bila mahojiano wala picha, hadi tarehe 20 Februari 2003, akiwa na umri wa miaka 95.

Mwanafunzi anayetaka kuwaingia wawili hawa asianze na muhtasari wa mtu, wala huu wangu. Asome kurasa chache za "Macho ya Orpheus", kisha asome insha ya kifo cha mwandishi mpaka sentensi ya mwisho kabisa, ile tunayoikata. Halafu achukue riwaya ya Kiswahili anayoipenda, afungue ukurasa mmoja tu na aulize ni nani anayesema hapo. Akipata majibu mawili yasiyopatana, ayaandike yote mawili kwenye tasnifu yake. Msimamizi akilalamika, mleteni kwangu tuzungumze.

Sasa nayapokea maswali.